Anza na kisiki: ninavyofundisha msitu wa miombo huku Tabora

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Baiolojia katika shule moja ya kata wilayani Uyui, nilifundisha hifadhi ya misitu kama nilivyofundishwa mimi. Niliandika ubaoni maana ya mfumo ikolojia kwa Kiingereza, wanafunzi wakanakili. Tukachora simba anayekula swala anayekula nyasi. Mwezi wa nne tukapanda miche 200 ya mikaratusi, picha zikapigwa, soda zikanywewa. Huku kwetu mvua zinaanza kuaga mwezi huohuo wa nne, kwa hiyo miche ile ilipata wiki chache tu za kunywa maji kabla kiangazi hakijaikuta. Kilichosalia walikula mbuzi. Mwezi wa nane nilihesabu mikaratusi tisa.

Mtihani walifaulu. Lakini siku moja nilimwuliza msichana wa Kidato cha Pili jina la mti uliokuwa unatutilia kivuli, akanijibu, "Ni mti tu, madamu." Na bibi yake msichana huyo huuza barabarani uyoga unaoota chini ya mti wa aina hiyohiyo.

Tangu hapo sianzi na mche. Naanza na kisiki. Naeleza hapa ninavyofanya, ili mwalimu mwenzangu wa Sikonge, Urambo au Kaliua, au hata wa ng'ambo ya Malagarasi kule Uvinza, aweze kulifanya bila kusubiri fedha za mradi.

Kwa nini kisiki

Wanafunzi wengi wanaamini mti ukikatwa umekufa. Kwa msonobari ni kweli. Kwa mtundu, mmoja wa miti inayotawala misitu yetu ya miombo, si kweli. Miti mikuu ya miombo huweka akiba yake chini, na shina likikatwa, kisiki hutoa machipukizi. Hata mche uliotokana na mbegu huishi kwa kujificha: kila kiangazi sehemu ya juu hukauka au huungua, kila masika huchipua upya, na muda wote huo mzizi unanenepa. Mninga unaweza kukaa hivyo miaka mingi, mfupi kuliko goti la mtoto, mpaka upate nguvu ya kurusha shina ambalo moto hauliwezi tena.

Ndiyo maana eneo ambalo mwanafunzi analiita pori tupu huenda lina msitu mzima umekaa chini unangoja. Na ndiyo maana nataka wanafunzi wangu watofautishe maneno mawili kabla ya neno lolote la kitabuni: kukata na kung'oa. Aliyekata ameacha kisiki. Aliyeng'oa visiki ili trekta au jembe la ng'ombe lipite, huyo amefunga ukurasa. Mwanafunzi akilielewa hilo, amekwisha kuelewa nusu ya uhifadhi wa misitu ya mkoa huu.

Mahali na ruhusa

Usiwapeleke kwenye msitu mzuri. Najua kishawishi kipo. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla tunayo ndani ya mkoa, ilipandishwa hadhi mwaka 2019, na kila mwalimu anaota kukodi basi. Lakini safari ya basi ni ya siku moja, na watoto watakumbuka kiboko na chipsi. Wewe tafuta shamba lililoachwa lenye visiki, lililo mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka shuleni. Kipindi pacha kina dakika 80. Toa nusu saa ya kwenda na kurudi, unabaki na dakika 50 za kazi. Zinatosha.

Peleka barua ya mkuu wa shule kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa kamati ya maliasili, na mwone mwenye shamba kwa miguu yako mwenyewe, usitume mtoto. Mwambie wazi kwamba hamchukui ardhi wala hampandi kitu. Yule mwenye shamba letu alicheka: "Mnataka kuja kuhesabu visiki? Karibuni, mwalimu, viko vingi."

Usalama nautaja kwa ufupi, ila usiupuuze. Sare zetu ni za bluu iliyokoza, na ndorobo (mbung'o) hupenda rangi ya bluu na nyeusi kuliko zote. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Siku ya kwenda porini wavae nguo za kaki au kahawia. Viatu vya kufunika mguu, kwa sababu nyoka aitwaye kifutu hakimbii, hulala tu njiani. Mizinga ikionekana, kila mtu anapita mbali na hakuna wa kurusha chochote. Mwaka mmoja kijana wangu mmoja alitaka kujua kama mzinga una nyuki, akaurushia jiwe. Alijua.

Siku ya kwanza: kamba, futi kamba na kaunta buku

Kata kamba ya katani ya mita 40, ifunge mafundo kila mita 10, ivute juu ya vijiti vinne upate mraba. Kila kundi la wanafunzi wanane hadi kumi na mraba wake. Nilipokwenda na darasa zima la watoto 70 bila kuwagawa, ilikuwa soko. Siku hizi nusu wanakwenda, nusu wanabaki na mwalimu wa Hisabati, wiki inayofuata wanabadilishana.

Ndani ya mraba wanatafuta visiki na kuvipa namba. Kwa kila kisiki wanaandika: urefu kutoka ardhini, unene, kimekatwa kwa shoka au msumeno, kimeungua au la, kina machipukizi mangapi, refu kuliko yote lina sentimita ngapi. Mti uliosimama wanauzungushia futi kamba mahali pa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, kisha wanagawanya kwa 3.14 kupata upana wa shina. Mwalimu wa Hisabati alinishukuru kwa hilo kuliko jambo lolote nililowahi kumfanyia.

Usitaje jina la mti hata mmoja siku hiyo. Watakuuliza, wewe kaa kimya. Kila mwanafunzi anachukua jani moja, analibana ndani ya kaunta buku, anakwenda nalo nyumbani kwa mtu mzima na kumwuliza maswali matatu: mti huu unaitwaje, unafanya kazi gani, na wewe ulifundishwa na nani. Swali la tatu ndilo linalozaa hadithi. Kipindi kinachofuata kinajaa: mama aliyeonyeshwa dawa ya tumbo na shangazi yake, babu aliyekuwa akichonga mipini, jirani Msukuma mwenye jina tofauti kabisa. Andika majina yote ubaoni. Msigombane nani yuko sahihi.

Baada ya hapo ndipo nawafundisha kutofautisha miti mitatu inayotawala misitu yetu, na hapa inabidi wahesabu vijani vilivyopangwa mbilimbili kwenye kikonyo kimoja. Mtundu, ambao wataalamu huuita Brachystegia spiciformis, una jozi chache, mara nyingi nne hivi, na jozi ya mwisho nchani ndiyo kubwa kuliko zote. Muba, Julbernardia globiflora, una jozi tano au sita, lakini kubwa ni za katikati. Myombo, Brachystegia boehmii, una jozi nyingi nyembamba, kumi na kitu hadi ishirini na kitu, jani zima kama unyoya wa kuku. Nawapa majani kumi yaliyochanganywa, wayatenge. Dakika tano zinatosha, na baada ya siku hiyo hakuna anayesema "ni mti tu".

Mninga haunisumbui, unajifundisha wenyewe. Tafuta wenye kovu la panga: utomvu mwekundu kama damu umeganda pale. Tunda lake ni duara lenye bawa pana pembeni na miiba katikati. Watoto wangu wanasema ni yai la kukaanga lililoota ndevu.

Jambo moja la kushangaza utakalolikuta: ukiwaambia wachore mti wa asili wa Tabora, wengi watachora mwembe. Nawaelewa, mji wetu umejaa miembe mikubwa. Waambie mwembe ni mgeni, ulikuja kwa njia ya misafara ya zamani iliyotoka pwani kupitia Kwihara hadi Ujiji. Watabisha. Waache wabishe, ni ubishi mzuri.

Mraba uleule, mwaka mzima

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kwenda mara moja. Miombo huwezi kuusoma mara moja, kwa sababu mambo yake hutokea kwa zamu.

Anza mwezi wa tisa, shule ikiwa imefunguliwa na pori liko wazi. Hakuna mvua, ardhi ni jivu, jua linawaka, na hapo ndipo miti inatoa majani mapya: mekundu, ya shaba, ya waridi. Waulize maji yametoka wapi. Waache wakisie. Jibu liko katika akiba ya shina na mizizi, lakini usiharakishe kulisema; kuna kijana aliwahi kusema mti "umekumbuka mvua", na sijapata namna bora ya kulieleza. Mtundu unachanua wakati huo pia, na mkinyamaza mtawasikia nyuki juu. Kiangazi pia ndipo maganda ya mbegu hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali. Kila mtoto wa kijijini anaijua sauti hiyo. Wachache wamewahi kuuliza ni nini.

Novemba na Desemba mvua zikishika, zamu ni ya uyoga. Hapa kaa sana, somo hili ni tamu. Uyoga mwingi wa miombo hauoti ovyo. Nyuzi za kuvu huvika ncha za mizizi ya mtundu, muba na myombo kama soksi. Kuvu huletea mti maji na madini kama fosforasi, mti hulipa kwa sukari. Msitu ukifyekwa na visiki kung'olewa, uyoga huo nao unatoweka. Akina bibi wanajua hili bila neno moja la Kiingereza. Mwalike bibi mmoja muuza uyoga aje darasani, mpe kiti cha mbele, wanafunzi wamwamkie vizuri, kisha umwulize chini ya mti gani anaokota upi. Bibi aliyekuja kwetu aliwaambia: "Mkimaliza miti, mje mnunue uyoga wa kopo kwa Mhindi." Walicheka wiki nzima.

Ila sheria ni moja: hakuna mwanafunzi anayeonja, na mwalimu hafundishi uyoga wa kula kwa picha. Ipo aina inayoua inayofanana sana na inayoliwa. Tunachora, tunaandika uko karibu na mti gani, basi.

Januari mpaka Machi nyasi ni ndefu, mimi siendi. Tunafanya hesabu darasani. Mwezi wa nne na wa tano nyuki wanarudi kwenye muba, ambao huchanua kuelekea mwisho wa masika. Mwezi wa sita nafundisha moto. Moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu kidogo, hupita chini na haraka. Moto wa Septemba au Oktoba hukuta nyasi zimekauka kabisa, unapanda mpaka kwenye machipukizi na kuyaunguza yote. Sisi hatuwashi kitu. Tunalinganisha tu makovu: mraba uliopitiwa na moto wa mapema na ule wa jirani uliopitiwa na moto wa Oktoba. Futi kamba inasema yote.

Mrina asali na mzinga wa gome

Mkoa huu unajulikana kwa asali, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapahapa mjini, lakini mimi hupenda kwanza kuwapeleka kwa mzee anayetundika mizinga ya magome. Mzinga huo hupatikana kwa kuukata mti pete mbili na kulitoa gome zima kama bomba. Hapo somo la usafirishaji wa chakula kwenye mmea, ambalo darasani linawalaza usingizi, linaamka. Sukari hupita kwenye gome. Ukilitoa kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa, kisha mti.

"Shikamoo babu," alisema msichana mmoja. "Marahaba, mjukuu wangu." "Huo mti uliotoa mzinga huu, ulikufa?" Nilitamani ardhi inimeze. Babu hakukasirika. Alisema ulikufa, ndiyo, na akawaonyesha kwa mkono msitu uliobaki. "Ule ungeshakuwa shamba la tumbaku zamani. Nani angeuacha kama si asali?" Tuliporudi nilifanya mdahalo: mzinga wa gome au mzinga wa mbao? Mwalimu, usiamue mshindi. Mzinga wa mbao hauui mti mzima kwa kila mzinga mmoja, lakini mbao nazo zinatoka kwenye mti, na zinataka fedha. Kundi lililotetea gome ndilo lililokuwa na hesabu nzuri zaidi mwaka ule.

Mkaa na tumbaku: usimwaibishe mtoto

Sehemu hii niliiharibu, kwa hiyo naiandika taratibu. Nilisema mbele ya darasa kwamba wachoma mkaa ni maadui wa msitu. Kijana mmoja aliyekuwa wa kwanza kushika kamba hakuja porini mara mbili mfululizo. Baba yake anachoma mkaa. Sare aliyovaa, daftari aliloandikia maneno yangu, vyote vimetoka kwenye tanuru. Na nyumbani kwangu mimi mwenyewe napikia mkaa. Nilimwita nikamwomba radhi, na nikamwomba baba yake aje kutufundisha.

Alikuja. Alituonyesha mambo ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote: miti ipi huchipua haraka, na mahali hasa tanuru lilipokuwa. Pembeni mwa tanuru visiki vimejaa machipukizi. Pale lilipowaka, udongo umeiva kama tofali na nyasi peke yake ndizo zinajaribu. Wanafunzi walipima kipenyo cha kila alama ya tanuru na umbali wake na chipukizi la karibu. Yule kijana ndiye aliyeandika namba.

Hesabu mnaweza kuifanya darasani. Tanuru la udongo kwa kawaida hutoa kati ya kilo 10 na 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Wapime gunia moja la mkaa kwenye mzani wa duka, watafute kuni zake, kisha wahesabu baiskeli zenye magunia zinazopita mbele ya shule kuanzia saa moja mpaka saa mbili asubuhi. Kwa tumbaku, watoto wenye mabani (vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto) nyumbani wahesabu mikokoteni ya kuni inayoingia kwenye bani moja kwa msimu. Linganisha bani la kienyeji na lile lililoboreshwa, kama lipo kijijini. Usiwape jibu kwamba tumbaku ni mbaya. Waulize: kuni zilitoka kwenye visiki vilivyoachwa, au visiki vilivyong'olewa?

Kuna mfano mmoja wa mbali ninaoutumia hapa. Magharibi mwa Marekani kuna nyanda kavu zilizojaa kichaka cha kijivu chenye harufu kali, jamii moja na pakanga, kinaitwa Artemisia tridentata. Kuna ndege mkubwa, wa ukoo wa kwale, ambaye wakati wa baridi anaishi kwa majani ya kichaka hicho tu. Kichaka kile kikiungua hakichipui kutoka kwenye mzizi. Lazima kianze na mbegu. Halafu nyasi ngeni zilizotoka Ulaya na Asia zimeingia kati ya vichaka, zinakauka mapema na kuufanya moto urudi kila mara kabla mbegu hazijakua. Nawauliza wanafunzi: wao na sisi, nani ana bahati? Kila mwaka kuna anayenyoosha kidole na kusema, "Sisi, madamu, tuna visiki." Ndipo naujibu mkono unaofuata, ule wa anayesema kwamba baba yake juzi ameviitia trekta.

Mtihani na kumbukumbu

Porini tunaongea Kiswahili na Kinyamwezi. Kipindi cha kesho yake tunarudi darasani na kuvika istilahi za Kiingereza juu ya vitu wanavyovijua, kwa sababu mtihani utakuja kwa Kiingereza na siwezi kuwasaliti. Inachukua nusu ya muda niliokuwa nautumia zamani.

Kaunta buku za miraba haziendi nyumbani Desemba. Zinabaki kabatini, na Kidato cha Pili kipya kinazipokea. Kisiki namba 4 cha mraba wa kwanza kilikuwa na machipukizi 11 tulipoanza. Mwaka uliofuata yalikuwa sita, kisha matatu, yale mengine yamezidiwa kivuli. Refu kati ya hayo matatu sasa linanipita kimo, na wanaolipima inabidi wabebane.

Kuhusu alama za namba kwenye visiki: rangi inafutika kwa mvua ya kwanza, na karatasi za nailoni mchwa wanazipenda. Kata kopo la soda vipande vya ukubwa wa kiberiti, andika namba kwa kubonyeza na msumari, toboa tundu, funga kwa waya laini kwenye kisiki, usifunge kwenye chipukizi. Acha waya uwe legelege, na kila Septemba uulegeze tena.